Oili wanamwaga vizuri, boneti wanaiua

Sifa za kituo hiki cha kumwaga oili zipo na nitazisema, lakini zisubiri. Kwanza viganja vya kijana wao mmoja.

Juzi kati nilipeleka Toyota IST yangu kumwaga oili pale kituoni, huku Tabata. Kazi ikaenda vizuri. Filta mpya ikafungwa, kijana akachomoa dipstiki, akaifuta, akapima, akaifuta akapima tena. Nikasema moyoni, leo nimepata fundi. Kisha akashusha boneti polepole hadi ikakaa kwenye loki ya kwanza, akaegemeza viganja vyote viwili katikati ya bati, akabinya kwa uzito wake wote kama anayekanda unga wa chapati. Ikafunga, ndiyo. Na bati likabaki na mabonyeo mawili, moja kila upande, yanayoonekana hata kwa asiyevaa miwani.

"Mdogo wangu, umefanya nini hapo?"

"Dada, boneti yako ngumu."

Ngumu ya wapi! Boneti ya gari dogo inayosimamishwa na kifimbo haitaki msuli hata kidogo. Unarudisha kifimbo kwenye kishikio chake, unaishusha kwa mkono mpaka ibaki shibiri moja au zaidi kidogo, unaiachia. Uzito wake wenyewe unaifunga, unasikia mlio mmoja mzito, basi. Ukiiachia karibu mno itashika loki ya kwanza tu, ile ya usalama, na ukijaribu kuinyanyua ukingoni utaiona inacheza. Hapo hubinyi. Unavuta tena kile kishikio cha chini ya usukani, unafungua, unarudia kutoka juu zaidi kidogo.

Kwa nini usibinye katikati? Kwa sababu lile bati la juu ni jembamba, linabebwa na mbavu za ndani, na kati ya ubavu na ubavu chini yake hakuna kitu. Fungua boneti yako uchungulie upande wa chini, utaziona hizo mbavu na mashimo yake. Kuna magari ambayo boneti inanyanyuliwa na shoku za gesi, hizo hazianguki zenyewe, lazima uisindikize kwa mkono hadi chini na kuisukuma. Hata hapo unasukuma pale mbele kabisa juu ya loki, kwenye ukingo, bati lilipokunjwa likawa gumu. Na zile boneti za alumini ndiyo usiziguse kabisa kwa viganja vya namna ile, maana alumini ikishabonyea kuinyoosha ni kazi ya fundi wa kumtafuta kwa tochi.

Sasa, kijana mwenyewe simlaumu sana. Aliinama akaangalia, akasema "samahani dada, hakuna aliyenielekeza." Ninamwamini. Nilimkasirikia kwa muda wa kunywa maji. Nilichokwenda kumwambia meneja ni hicho hicho: wafundisheni vijana, ni jambo la dakika moja.

Meneja alikuwa anakula. Hakunyanyuka. Akaliangalia gari kwa mbali kupitia mlangoni, akaniambia, "Dada yangu, hilo bati tu. Mwambie shemeji atakunyooshea."

Shemeji! Gari nimelinunua mimi, bima nalipa mimi, oili nimelipia mimi dakika kumi zilizopita na hela ameipokea yeye kwa mkono wake. Shemeji kaingiaje kwenye boneti? Nikamuuliza, je, ningekuwa mwanaume ungesema nimwambie wifi? Akacheka, akaendelea na ugali wake.

Sasa niseme haki. Oili pale ni halali. Kopo linafunguliwa mbele yako likiwa na lakiri yake, oili ya zamani wanaiacha ichuruzike mpaka tone la mwisho, hawaharakishi, na nati ya chini, ile ya kutolea oili, wanaifunga na washa mpya, kile kiringi cha kuzuia oili isivuje. Nimepita sehemu nyingi hapa mjini ambako hayo yote huyapati. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikusudia kusema: nendeni, ila boneti mfunge wenyewe. Mwambieni kijana asogee, mshike kwa mkono mmoja, muiachie.

Lakini kila nikilikumbuka lile neno la meneja, "bati tu", nabadilika. Kwa nini mteja aliyelipa afunge boneti mwenyewe? Na kama wanafunga hivyo kila siku, ni wangapi wameondoka pale na boneti iliyoshika loki ya kwanza peke yake, wakaelekea Chalinze kwa mwendo wa barabara kuu? Loki ya usalama ikishindwa kwa upepo ule, boneti inapinduka na kugonga kioo cha mbele, dereva haoni hata lami. Hilo nalo ni bati tu?

Fundi bodi wa mtaani kwetu amelisukuma bonyeo moja kwa ndani, likatoka bila kuharibu rangi. La pili limekaa juu ya ubavu, anasema likiguswa rangi itapasuka. Nimeliacha.

Nyota tatu nilizokuwa nimewapa nazipunguza. Moja ya oili, moja ya kijana aliyeomba samahani. Ya meneja haipo, akamwombe shemeji.