Mifupa au nyayo: kipi kinatuambia zaidi kuhusu viumbe wa kale?

Watu wengi wakisikia fosili, yaani mabaki au alama za viumbe wa kale zilizobaki kwenye mwamba, wanawaza fuvu na meno, basi. Sawa, mfupa unakwambia mnyama alikuwa nani na alikuwa na ukubwa gani, hapo nyayo na alama nyingine kama matundu haziwezi kushindana, maana ukikuta tundu limechimbwa kwenye mwamba mara nyingi hujui ni mdudu yupi alilichimba, na mnyama yuleyule akitembea kwenye tope na akikimbia kwenye mchanga anaacha alama mbili tofauti kabisa.

Lakini mfupa ni wa maiti bwana. Unaweza kubebwa na mto ukazikwa mbali na alikoishi mwenyewe. Nyayo hazihami, ziko palepale alipokanyaga, tena akiwa hai! Cheki Laetoli kule Tanzania, zile nyayo za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu zilizokutwa na timu ya mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey mwaka 1978 kwenye majivu ya volkano ya kama miaka milioni 3.66 iliyopita, kisigino kimezama, kidole gumba kimeelekea mbele, yaani hao jamaa walikuwa wanatembea wima kwa miguu miwili wakati ubongo wao bado mdogo sana. Mifupa ilishaashiria hivyo, ila nyayo ndo zilimaliza ubishi mwingi.

Halafu kuna viumbe laini kama minyoo, hawana mfupa wala gamba, wengi tunawajua kwa njia walizochimba tu. Na mavi ya kale (usicheke) yakigeuka jiwe yanaonyesha mnyama alikula nini.

Mi ningeambiwa nichague ningechukua nyayo, japo jina la aliyezikanyaga ningeenda kuliomba kwa watu wa mifupa.