Ziara ya miguu ya Malindi: historia imekaa sawa, karama imepotea njiani

Ziara hii ya nusu siku huuzwa kwa vikundi vya wanafunzi wa sosholojia na wa uongozi. Ahadi yake ni kuonyesha aina tatu za mamlaka alizozibainisha mwanasosholojia Mjerumani Max Weber, ya kimila, ya kisheria na ya karama (mvuto wa kipekee wa kiongozi), kila moja mahali ilipoacha alama. Wazo ni zuri mno na Malindi ina vya kutosha vya kulibeba. Kwa historia ya mji inastahili nauli yake. Kwa nadharia, mwalimu aje amejipanga.

Vituo vya mwanzo havina lawama. Kundi linaanzia kwenye makaburi ya nguzo kando ya Msikiti wa Jamia, ambapo mamlaka ya kimila inaeleweka bila taabu: mtawala wa Malindi aliyempokea Vasco da Gama mwaka 1498 alitiiwa kwa kuwa waliomtangulia walitiiwa. Kisha ofisi ya zamani ya DC, mkuu wa wilaya, kwa mamlaka ya kisheria. Mwongozaji anaeleza vyema kwamba DC akihamishwa amri zinaendelea, kwa sababu raia anatii cheo na kanuni.

Kasoro inajitokeza Bustani ya Uhuru, mbele ya sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kupinga utawala wa Waingereza. Simulizi la kuku na kifaranga, jinsi alivyomtaka ofisa wa kikoloni Arthur Champion amchukue kifaranga naye akadonolewa na kuku mama, linasimuliwa kwa ufundi mkubwa. Halafu wanafunzi wanaambiwa kwamba karama ni ujasiri aliozaliwa nao, basi. Hilo silo alilosema Weber. Kwake, kinachohesabika ni namna wafuasi wanavyomwona kiongozi. Wasipomtambua, hana mamlaka hata awe shujaa namna gani. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya sanamu hiyo liwe: nani walimfuata, na kwa nini wakati ule?

Jibu lipo, na ziara inalipita mbio. Mwaka 1913 Wagiriama walikuwa wamebanwa na kodi ya nyumba, walidaiwa vijana wakafanye vibarua nje ya kwao, na serikali iliwawekea wazee ambao wengi hawakuwaheshimu. Mekatilili, mjane asiye na cheo chochote, akapita kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu wakakusanyika. Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, vikaapwa viapo viwili: mukushekushe wa wanawake na fisi wa wanaume. Hapa pana somo tamu ambalo lingestahili nusu saa nzima: mwenye karama anavunja mpango uliopo kwa kutumia ngoma, kaya na viapo, vyombo vya mila yenyewe. Weber alisisitiza kwamba aina zake tatu ni safi kwenye nadharia tu. Katika maisha huchanganyika. Ziara inazitenga kituo kwa kituo, na mwanafunzi anaondoka akidhani ni masanduku matatu.

Jambo jingine linaloachwa ni uthibitisho. Karama hudai kuthibitishwa kila mara, na ishara zikikoma wafuasi hutawanyika. Mekatilili alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, mwenzake katika uongozi, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka na kurudi pwani kwa miguu. Mwongozaji anaitaja safari hiyo kama ajabu ya miguu. Ingefaa aulize ilimaanisha nini kwa walioapa.

Mwisho wa habari ndio umefupishwa kupita kiasi. Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti Agosti 1914, na ziara inakomea hapo, kwenye kishindo. Lakini mwaka 1919 Mekatilili na Wanje, waliokuwa wamekamatwa tena na kuhamishwa, waliruhusiwa kurudi, na inaelezwa kwamba yeye aliongoza baraza la wanawake na Wanje la wanaume. Mtu aliyeinuka bila cheo anaishia ndani ya cheo. Hilo ndilo Weber aliloliita karama kugeuka kuwa jambo la kawaida, na ndiyo sehemu ngumu zaidi ya nadharia kuifundisha. Mfano upo mkononi, nao unaachwa uanguke.

Kwa anayepanga kwenda: aombe mpangilio ubaki huohuo, lakini dakika zipunguzwe ofisi ya DC ziongezwe bustanini. Kundi lisizidi watu 15, kwa sababu kelele za barabarani humeza sauti ya mwongozaji. Kuanza saa moja na nusu asubuhi kunaokoa watu na jua. Wanafunzi wapewe mapema maswali matatu ya kuandika majibu papo hapo: nani alimtambua kiongozi, kwa ishara gani, na nini kilifuata alipoondolewa. Msalaba wa Vasco da Gama uko mbali na vituo vingine na hauongezi kitu kwenye mada hii, unaweza kurukwa. Kaya Fungo haifikiki kwa miguu kutoka Malindi: inataka gari, siku yake peke yake, na ruhusa ya wazee wa kaya iliyoombwa kabla ya kufunga safari.