Kadi za Maana ya Majina: Margaret Ametendewa Haki, Peggy Ameachwa Yatima

Niliagiza kupitia intaneti kadi mbili za maana ya majina, moja ya Margaret na nyingine ya Peggy, ambalo ni jina la mkato la Margaret, kwa ajili ya shangazi yangu, ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina jina la Margaret ilhali nyumbani hajawahi kuitwa ila Peggy. Karatasi ya kadi hizo ni nzito, na wino haukuacha doa hata nilipoupitishia kidole chenye unyevu.

Kadi ya Margaret imeandikwa kwa uangalifu. Inaeleza kwamba jina hili limetokana na neno la Kigiriki margarites, yaani lulu (kwa hiyo shangazi angeweza kuitwa Lulu na maana isipotee), likapitia Kilatini na Kifaransa kabla ya kufika Uingereza. Kwa Wafaransa, marguerite ni ua pia, na ndiyo sababu baadhi ya akina Margaret huitwa Daisy, jina la Kiingereza la ua la jamii hiyo. Malkia Margrethe II wa Denmark, aliyeng'atuka mwaka 2024, huitwa hivyo na jamaa zake.

Kasoro imo katika kadi ya Peggy, ambayo chini ya jina ina maneno matatu tu: "mchangamfu, mkarimu, mwaminifu." Sifa hizo zinaweza kubandikwa kwa yeyote. Kinachomsumbua kila anayelisikia jina hili, yaani herufi P imetoka wapi ilhali Margaret haina P, hakikuguswa kabisa. Jibu lenyewe si gumu: Margaret lilifupishwa likawa Meg, kisha Waingereza, waliozoea kubadilisha herufi ya kwanza ya majina ya mkato huku wakibakiza kina, wakapata Peg, na baadaye Peggy. Mary lilipita njia hiyohiyo kutoka Molly hadi Polly, na hata wanaume hawakusalimika, kwani Will aligeuka Bill.

Nilipowaandikia wauzaji, walinijibu kwa adabu kwamba wao hueleza kila jina peke yake. Kwa jina la mkato, utaratibu huo haufai, na anayetaka kadi ya aina hiyo nisingemshauri ainunue kwao.

Shangazi ameitia kadi ya Margaret kwenye fremu. Ile ya Peggy ameigeuza, na mgongoni palipokuwa wazi ameandika kwa kalamu: Margaret, Meg, Peg, Peggy.