Nililala, simu ikaendelea kutazama: uzoefu wangu na milisho ya podikasti na video

Kisa kilianza na usingizi. Usiku mmoja nilifungua video ya sauti ya mvua ili inibembeleze, nikaiweka simu kando ya mto, nikapotea. Sikuwa nimezima kile kitufe cha kuruhusu video inayofuata ijicheze yenyewe. Mvua ilipokwisha likaletwa bahari, bahari ikaleta dhoruba, dhoruba ikaleta meli zilizozama. Nilipozinduka alfajiri, mtu mwenye sauti nzito alikuwa akieleza namna maji yalivyoingia kwenye chumba cha injini, na simu ilikuwa ya moto kama pasi.

Wiki tatu baadaye ukurasa wangu wa mwanzo ulikuwa bado ni makaburi ya meli. Mimi ni mtu wa historia ya lugha, mahojiano marefu na watafiti, na video za mafundi wanaotengeneza vitu kwa mikono. Hivyo vyote vilisukumwa chini kabisa. Nilibonyeza "sivutiwi" mpaka kidole kikauma. Dua la kuku.

Ukishaelewa mashine inapima nini, hasira hupungua. Mwaka 2012 YouTube ilitangaza kwamba mapendekezo yake yataangalia zaidi muda ambao mtu anatumia kutazama kuliko mara ngapi video imebofywa, na kipimo hicho leo ni cha kawaida kwenye majukwaa ya video. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyekoroma kwa muda wa saa sita mbele ya meli zinazozama ni shabiki sugu. Mashine hutafuta wengine waliotazama kama yeye, kisha humletea walichoendelea nacho. Aliyelala na aliyekodoa macho, kwake ni mamoja.

Nikafuta historia yote ya kutazama. Meli zikaondoka, na badala yake ukaja uji usio na chumvi: vile vitu vinavyopendwa na kila mtu na ambavyo sijawahi kuvitafuta. Hapo ndipo nilipokumbuka RSS, ule mfumo wa milisho unaokuletea vitu vipya kutoka kwenye tovuti na vipindi ulivyochagua mwenyewe.

Nilikuwa miongoni mwa wale walioamini kwamba RSS ilizikwa pamoja na Google Reader, programu ya Google ya kusomea milisho, iliyofungwa Julai 1, 2013. Kumbe podikasti zote za wazi zinaishi juu yake. Mwishoni mwa mwaka 2000 mtengenezaji wa programu Dave Winer aliongeza ndani ya RSS kijisehemu cha kuambatisha faili la sauti, zaidi ya miaka mitatu kabla mwandishi wa habari Ben Hammersley hajaandika neno "podcasting" katika gazeti la Uingereza The Guardian, Februari 2004. Mlisho wenyewe ni faili la maandishi tu: jina la kipindi, tarehe, maelezo, na anwani ya mahali sauti ilipo. Programu yako inapita kila baada ya muda na kuuliza kama kuna kipya. Kikiwepo, unaletewa. Basi.

Kwenye simu nilichagua AntennaPod, programu ya kusikilizia podikasti ambayo ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na haikulazimishi ufungue akaunti. Nilianza na podikasti kumi na nne. Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni kwamba orodha nzima inaweza kutolewa kama faili moja la OPML, muundo wa kubebea orodha za milisho, na kuhamishiwa programu nyingine. Siku nikichoka, naondoka na mizigo yangu. Kwenye ukurasa wake wa mwanzo kuna hata sehemu ya kukushtukiza kwa kipindi fulani, ila inachota kutoka kwenye podikasti ulizojiunga nazo mwenyewe, kwa hiyo huwezi kuamka ukiwa chini ya bahari.

Video zilihitaji ujanja kidogo. Chaneli za YouTube nazo zina milisho, kila mmoja ukionyesha video 15 za karibuni, lakini anwani yake inatumia kitambulisho cha chaneli, msururu mrefu wa herufi na tarakimu ambao hakuna mwanadamu anaweza kuukariri. Bahati nzuri baadhi ya programu za kusomea milisho zinakubali uwape anwani ya kawaida ya chaneli, zinatafuta zilizobaki zenyewe. Jioni moja ilinitosha kuweka zote ninazozijali.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Wiki ya pili nikaanza kuboreka, na hili wanaosifia RSS huwa hawalisemi. Mlisho haukupendekezei kitu. Unaleta ulichokiomba, na mimi nilikuwa nimeomba ninachokijua tayari. Sauti zilezile, wageni walewale, mpaka vichekesho vyao nikavikariri.

Kilichoniokoa ni kufuata wageni. Mtangazaji ninayempenda akimhoji mtu anayenivutia, sasa namtafuta mgeni kwa jina ndani ya programu ya podikasti: amehojiwa wapi kwingine? Mara nyingi kuna vipindi vitatu au vinne, na angalau kimoja kiko kwenye podikasti ambayo sikuwahi kuisikia. Nasikiliza hicho kimoja tu kabla ya kujiunga. Pia nimejifunza kusoma maelezo ya kipindi, yale ambayo zamani niliyaruka, kwa sababu watu hutaja humo walichosoma na walichosikiliza walipokuwa wakijiandaa. Katika miezi minne njia hii imenipa podikasti tisa mpya, na mbili kati ya hizo ndizo nazozisubiri kwa hamu kuliko zote. Ni njia ya polepole, sikatai. Lakini kila pendekezo najua limetoka kwa nani na kwa nini.

Tatizo lililofuata lilikuwa tamaa. Orodha ilivimba, vipindi visivyosikilizwa vikapita mia mbili, nikaanza kuiogopa programu yangu mwenyewe kama deni. Siku hizi podikasti nikiiruka mara tatu mfululizo naiondoa, bila huruma. Kuna pia vipindi ambavyo wenyewe wamevifungia ndani ya jukwaa moja, havina mlisho wa wazi. Viwili nimeviacha; cha tatu kimenishinda kukiacha, nakifuata hukohuko kwao.

Na mashine? Sikuitupa. Nimefungua akaunti ya pembeni ambayo haina kazi nyingine, naifungua Jumamosi kwa nusu saa, nikiwa nimekaa wima, na kitufe cha kujicheza kimezimwa. Naiacha inioneshe inachotaka. Mara nyingi naondoka mikono mitupu. Nikiona kitu kizuri sibofyi cha kujiunga hapo. Nachukua anwani ya chaneli na kwenda kuiweka kwenye milisho yangu.

Jumamosi ya mwezi uliopita ilinitolea fundi mmoja wa saa za ukutani. Hasemi neno, unasikia bisibisi na pumzi zake tu, kipande kimoja dakika arobaini. Nilitazama mpaka mwisho, nikamwongeza. Tangu hapo ametoa video moja, na niliiona dakika chache baada ya kupandishwa.