Tathmini ya IRC: Jina la Bandia Halikumsitiri Mtu

IRC, huduma ya gumzo iliyobuniwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini, Agosti 1988, inatumika hadi leo, na katika mitandao yake mingi unaingia bila kutoa namba ya simu wala barua pepe. Kwa sababu hiyo wapo wanaoisifu kwamba ilimficha mtumiaji kuliko programu za sasa. Nimeitumia kwa miaka mingi na ninaipenda, lakini sifa hiyo siikubali.

Kanuni zake zilizochapishwa Mei 1993 zilikuruhusu kujiita upendavyo, mradi jina lisizidi herufi 9. Hata hivyo, mwenzako yeyote akiandika amri ya WHOIS, seva ilimwonyesha anwani ya mashine uliyotumia. Kwa mwanafunzi wa miaka ya 1990 anwani hiyo ilitaja chuo chake, na pale kompyuta ya chuo ilipoendesha ident, huduma inayotaja akaunti iliyofungua muunganisho, jina la akaunti yake nalo lilifuata. Mwenye ugomvi nawe hakuhitaji ujuzi mkubwa: alikumiminia pakiti (vipande vya data) mpaka laini yako ya modemu ikazidiwa. Mitandao kadhaa baadaye ilianza kuficha anwani, lakini kinga hiyo haifiki kwenye DCC, njia ya kutumiana vitu bila kupitia seva, kwani mnapotumiana faili kwa njia hiyo kompyuta zenu huunganishwa moja kwa moja.

Udhaifu unaonisikitisha zaidi ni kwamba jina halikuwa na mwenyewe. Seva za mtandao mmoja zimeungana kama matawi ya mti, na kiungo kikikatika kila upande huendelea peke yake. Mvamizi aliyeivizia saa hiyo aliingia katika chumba kilichobaki kitupu upande wake, akapewa alama ya @ ya msimamizi kana kwamba ndiye mwanzilishi, na seva zilipoungana tena akabaki nayo, akawafukuza waliokilea chumba hicho kwa miaka. Aliyechukua jina lako upande wa pili aliweza kusababisha nyote wawili mtupwe nje. DALnet, mtandao wa IRC ulioanzishwa 1994, ulileta huduma ya NickServ ili majina yaandikishwe na kulindwa kwa neno la siri, hatua ninayoiona kuwa ya maana kuliko zote. EFnet, mtandao mwingine wa IRC, hauna huduma hiyo.

Neno la siri lenyewe, hata hivyo, lilisafiri wazi. Nilisimamisha seva nyumbani, nikaunganisha kompyuta ya pili kupitia mlango wa 6667 (namba ya kuunganishia kwenye seva), na kuwasha programu ya kunasa pakiti. Neno nililomtumia NickServ lilitokea kwenye skrini herufi kwa herufi, mara tu baada ya neno IDENTIFY. Katika maabara ya chuo ambako kompyuta zote zilichangia waya mmoja, jirani yako angeweza kulisoma vivyo hivyo.

Kwa majadiliano ya wazi ya watengeneza programu, ninaipendekeza IRC bila kusita: tumia mlango wa 6697 wenye usimbaji wa TLS, unaoficha data ikiwa njiani, katika mtandao kama Libera.Chat, uliozinduliwa Mei 2021. Kwa mwandishi wa habari anayezungumza na mtoa taarifa wake siipendekezi kabisa, kwa kuwa usimbaji huo huishia kwenye seva, na anayeiendesha seva anaweza kusoma ujumbe wenu na kuona anwani mlizotoka.