Kamusi ya mfukoni iliyokwama kwenye neno "downs"

Kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili niliyoinunua kwa shilingi 15,000 katika duka moja la vitabu hapa Dodoma imeshonwa vizuri, maandishi yake yanasomeka hata ndani ya daladala, na kwa maneno ya ofisini na sokoni sina malalamiko nayo.

Kasoro yake niliiona darasani, tulipofika vilima vya South Downs vya kusini mwa Uingereza katika somo la jiografia. Mwanafunzi aliyeazima kamusi hiyo alisoma kwa sauti maana ya "downs", "chini, kuelekea chini", kisha akauliza, "Mwalimu, vilima vinakuwaje chini?" Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu neno hilo linatokana na "dun" ya Kiingereza cha kale, yaani kilima, na hata lile la "chini" limezaliwa humo humo, kutokana na usemi uliomaanisha "kutoka kilimani". Kamusi imemtaja mtoto, ikamsahau mzazi.

Mwishoni kabisa mwa maelezo imeongezwa maana nyingine: "mbuga". Kwetu huku hilo ni kosa kubwa zaidi, kwani mkulima wa Dodoma akisikia mbuga anafikiria bonde la udongo mweusi unaotuamisha maji, ilhali downs ni vilima vyenye miinuko ya taratibu, vya mwamba wa chaki unaofyonza mvua kiasi kwamba mabonde mengi ya huko hayana mto. Nyasi zake ni fupi kwa sababu kondoo wamechungwa hapo kwa karne nyingi; wakiondolewa, vichaka hurudi. Vilima hivyo vinaanzia upande wa Winchester hadi karibu na Eastbourne, ambako vinakatika ghafla baharini kwenye genge jeupe la Beachy Head, lenye kimo cha zaidi ya mita 160.

Wanafunzi waliozoea mawe ya itale ya Mlimwa hapa Dodoma hawakunielewa mpaka nilipodondosha tone la maji juu ya kipande cha chaki, likanywewa mara moja (ingawa chaki nyingi za shuleni siku hizi ni jasi).

Kwa karani au mfanyabiashara naipendekeza kamusi hii bila wasiwasi. Mwalimu wa jiografia atafute kubwa zaidi, au afanye kama mimi, niliyeandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa: "vilima vya chaki vyenye nyasi fupi".