Ogre Battle: gemu linalokuadhibu kwa sababu umeshinda

Mstari wa sifa umeshuka tena, na gemu halisemi kwa nini. Hakuna namba wala maelezo. Kikosi chenye nguvu kuliko vyote kimeingia mjini, wenyeji wamekombolewa kutoka mikononi mwa Dola ya Zetegenia, utawala dhalimu ambao jeshi lako la waasi linapigana nao, bendera imebadilika, na shukrani yenyewe ndiyo hiyo: umeonekana mbaya zaidi kuliko ulivyokuwa asubuhi. Umewafukuza waliokuwa wakiwakamua watu, halafu watu hao hao wanakununia.

Hii ndiyo Ogre Battle: The March of the Black Queen, kazi ya kampuni ya Quest chini ya mbunifu Yasumi Matsuno, iliyotoka Japani mwaka 1993 kwenye mashine ya Super Famicom na kufika Marekani mwaka 1995. Habari za picha, muziki na matoleo ya baadaye ya PlayStation na Saturn zimejaa mtandaoni, sitawachosha nazo. Mimi nina ugomvi na kitu kimoja tu, nacho ni jinsi gemu hili linavyopima wema. Ugomvi huo umenifanya nilitukane, nilisifu, kisha nilitukane tena, kwa hiyo msinishangae nikigeuka katikati ya sentensi.

Kwanza mambo yalivyo, maana gemu lenyewe halifundishi. Kila askari ana namba mbili zinazohusu tabia, zote za kuanzia sifuri hadi mia. ALI ni wema au uovu wake, CHA ni haiba yake mbele za watu. Juu ya hizo kuna mstari mmoja wa sifa ya jeshi zima. Ukikomboa mji kwa kikosi cha watu wenye ALI na CHA za juu, mstari unapanda. Ukikomboa kwa kikosi cha watu wenye ALI ya chini, unashuka. Adui akiurudisha mji uliokwisha kuukomboa, unashuka pia, na hapo ndipo panapouma zaidi. Hadi hapa hakuna kosa, mtu yeyote angeelewa.

Kosa linaanza kwenye mambo yanayoishusha ALI. Askari akimwua adui dhaifu kuliko yeye, namba zake zinashuka. Akimwua aliye na nguvu kuliko yeye, zinapanda. Kuua wafu wanaotembea na mapepo ni thawabu, kuua makasisi wa upande wa pili ni dhambi. Kwa maneno ni maadili mazuri kabisa, ya kumkataza mwenye nguvu asimwonee mnyonge. Lakini hebu lichezeni. Adui ndiye anayekuja kwako. Anatoka kwenye ngome yake, anaruka mito na milima, anavamia mji ulioukomboa, anakukuta umesimama langoni. Vita vinapiganwa vyenyewe. Wewe kazi yako ni kupanga nani asimame mbele na nani nyuma, kuchagua mbinu moja kati ya nne, na kutupa kadi ya taroti, zile za kupigia ramli ambazo humu zina nguvu za vita, ukipenda. Huwezi kumwambia askari wako ashushe upanga. Anajilinda, anaua, gemu linamhesabia uonevu. Na kwa kuwa kuua kunampandisha levo, adui anayefuata atakuwa dhaifu zaidi mbele yake, kwa hiyo dhambi inayofuata iko njiani tayari. Askari hodari anaoza kwa sababu ya uhodari wake, na hakuna aliyemwuliza kama alitaka kupigana.

Nikasema basi, huu ni uzembe wa mbunifu. Mtu alikaa mezani akaandika kanuni nzuri, akasahau kuwa adui hasubiri ruhusa.

Dawa ipo, na kila anayelijua gemu hili anaitumia. Unagawa jeshi sehemu mbili. Kundi la kwanza ni wauaji: ninja, wachawi, mazimwi, yeyote mwenye mkono mzito. Hawa unawaacha waoze. ALI yao ikifika chini kabisa hupati hasara, kwa sababu watu wa namna hiyo hupigana vizuri zaidi usiku, basi unawatoa jua likizama. Unawapanga njiani, kwenye daraja, kwenye kona ya mlima, mahali popote adui atakapopita kabla hajaona mji. Sharti lao ni moja, wasikanyage mji usiokombolewa hata kwa bahati mbaya. Na bahati mbaya ipo, maana ukimwelekeza mtu sehemu ya mbali atakata njia yake mwenyewe, na mji ukiwa katikati ataupitia na kuukomboa kwa jina lako chafu. Kwa hiyo usimpe muuaji safari ndefu. Mpe vipande vifupi vifupi, umzungushe mji kwa mbali.

Kundi la pili ni wakombozi. Mweke Paladini, yaani shujaa mtakatifu wa upanga, awe kiongozi, nyuma yake makasisi wa kike ambao kazi yao ni kuponya na hawaui mtu, na mnyama mmoja wa kuruka kama grifini ili kikosi kizima kipite juu ya mlima na maji badala ya kuzunguka. Mnyama mkubwa anakula nafasi mbili katika kikosi cha nafasi tano, kwa hiyo hesabu vizuri. Kikosi hiki kisipigane ikiwezekana. Kikikutana na adui, chagua mbinu ya kumlenga kiongozi. Kiongozi akianguka, waliobaki wanarudi ngomeni kwao, na hujawa na damu ya kikosi kizima mikononi. Wapeleke dhidi ya wafu wanaotembea kila unapopata nafasi, maana hapo makasisi wanapigana kwa faida: nguvu takatifu ndiyo inayomaliza mizimu, na ALI inapanda badala ya kushuka.

Bosi wa jeshi lako, yule mhusika unayemtengeneza mwanzoni kwa maswali ya mzee Warren mnajimu, mwache ngomeni. Ngome ikitekwa umekwisha, na yeye akiwa anauaua hovyo barabarani tabia yake ndiyo itakayopimwa mwisho wa yote.

Sasa angalieni tulichokifanya hapo. Tumewatuma watu wachafu gizani wakachinje, kulipokucha tukawatuma watu wasafi wakapokee vigelegele. Ni mwenye karamu aliyevaa kanzu nyeupe mlangoni, huku mchinjaji amefichwa uani asionwe na wageni. Wenyeji wa mji wanafurahi, mstari unapanda, jeshi linaitwa jema. Waliouawa ni wale wale. Idadi ni ile ile. Kilichobadilika ni nani ameonekana langoni.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mushkeli. Maana kama ni uzembe, mbona uzembe huu unafanana sana na ukweli? Gemu halidai popote kwamba linajua moyo wako. Mstari ule ni maneno ya watu tu, na maneno ya watu hufuata sura wanayoiona. Serikali ngapi zimejengwa hivyo? Majeshi mangapi yameingia mjini yakiwa na wapiga picha mbele na wachinjaji nyuma? Mtu aliyebuni hivi huenda alijua sana anachokifanya. Mwaka 1995 Matsuno alileta Tactics Ogre, na humo kuna tukio la mji wa Balmamusa ambapo unaamriwa kuua watu wa upande wako mwenyewe ili lawama imwangukie adui. Pale unaulizwa waziwazi, unajibu ndiyo au hapana, na hadithi inagawanyika. Ni tukio zito, limesifiwa na linastahili. Lakini kule unajua kuwa unajaribiwa. Huku kwenye Ogre Battle, unapopanga vikosi, hakuna anayekuuliza chochote. Unafika kwenye unafiki kwa kupanga ratiba za vikosi, bila kushtuka, na unaona unacheza kwa akili. Kwangu hilo linauma kuliko Balmamusa.

Kwa hiyo nyota nne? Ngojeni kwanza.

Maana kuna ile habari ya miji kurudishwa, na hiyo hakuna falsafa itakayoiokoa. Saa ya ramani haisimami. Vikosi vyako viko sehemu sehemu, adui mwenye mabawa anatoka ngomeni kwake, anapita juu ya vichwa vya walinzi wako wote waliobana barabara, anatua kwenye mji mdogo wa nyuma uliousahau. Mstari unashuka. Ukiweka mlinzi dhaifu pale, atapigwa, na kikosi kilichopata madhara zaidi kwenye pambano ndicho kinachosukumwa nyuma, mji unaondoka. Ukiweka mlinzi hodari, ataua wanyonge na kuoza. Ukiweka kila mahali, posho za vikosi vilivyoko uwanjani hukatwa kila siku saa sita mchana na hazina inalia. Hiyo si hukumu ya maadili, ni adhabu ya kutokuwa na macho mgongoni. Wenyeji wanakulaumu kwa sababu grifini la adui lilikuwa na kasi kuliko lako.

Njia niliyoiona ikifaa ni kuchelewa kwa makusudi. Usikomboe miji ya pembeni mapema. Chukua ile iliyo karibu na ngome yako, bana njia kuu, waache wauaji wamalize mawimbi ya kwanza, ndipo uwaachie wakombozi wazunguke miji mmoja mmoja mchana. Utakosa ushuru wa miji hiyo kwa siku hizo, maana kila mji huru hulipa saa sita mchana, lakini sifa ni ngumu kurudisha kuliko fedha. Na tazameni tena maana yake: njia bora ya kuwa mkombozi mwema ni kuwaacha watu chini ya dhuluma siku kadhaa zaidi, hadi iwe salama kwako kuwafungulia. Nikasema gemu hili lina roho mbaya. Kisha nikakumbuka tumekubaliana kuwa ndio uzuri wake. Sijui.

Mkikomboa mji mnavuta kadi ya taroti, na kadi nyingine hupandisha namba za kikosi kilichovuta, nyingine huzishusha. Bahati nasibu juu ya maadili, kama vile hayakutosha. Kadi zenyewe wekeni akiba. Ya Mpumbavu inaondoa uwanjani kila adui isipokuwa kiongozi, na mbele ya bosi aliyejizungushia walinzi haina mfano. Ya Mwezi inageuza safu zao, wa nyuma wanakuja mbele, ambayo ni furaha kubwa kama nyuma kuna wachawi laini.

Mahali ambapo gemu linakusimamisha na kukuuliza ni kwa baadhi ya wakubwa wa adui walioshindwa. Gilbert, mfuga wanyama wa jimbo la Sharom aliyekuwa upande wa Dola, ukimsamehe anaingia jeshini mwako. Deneb ni kesi nyingine. Huyu ni mchawi aliyefanyia watu majaribio hadi akapata viumbe vyenye vichwa vya maboga. Akishindwa anaomba radhi kwa sauti tamu, na ukimsamehe mstari wa sifa unaporomoka vibaya. Na mimi nasema vema! Hapo tu ndipo nilipoona mstari ule ukifanya kazi yake bila hila. Watu waliona alichowafanyia ndugu zao, wewe umemwachia kwa sababu ni mrembo na vichwa vya maboga vinachekesha, wakukasirikie. Ajabu ni kwamba wachezaji wengi humlalamikia Deneb kama kasoro ya ubunifu na kuuita ule ugawaji wa makundi mawili mkakati. Mimi ningegeuza.

Umuhimu wa yote haya ni kuwa sifa inafungua na kufunga milango. Tristan, mrithi wa ufalme wa Zenobia, hataki kujiunga na jeshi linalonuka. Mwisho wa hadithi uko wa namna nyingi, kuanzia ule wa heshima hadi ule ambao wewe uliyeipindua Dola unakuwa mtawala dhalimu mpya. Mchezaji mpya anayependa kikosi kimoja hodari kinachofanya kila kitu, yaani anayecheza kama magemu mengine yote yalivyomfundisha, anaweza kufika huko bila kuchagua uovu hata mara moja. Amepigana, ameshinda, amekomboa. Hakuambiwa kuwa shujaa hapaswi kuingia mjini.

Nyota mbili kwa hilo. Nyota tano kwa kunifanya nibishane na mstari wa rangi. Mnaotaka kuanza: msimwachie mtu yeyote apite levo za wenzake mapema, tazameni ALI za wakombozi kabla ya kila ramani, na Paladini wenu akishaanza kushuka msimhurumie, mhamishieni zamu ya usiku.